Barua ya wazi: Kata yetu imechanja asilimia 118, na surua bado inabisha hodi

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mratibu wa Chanjo wa Wilaya.

YAH: KIWANGO CHA CHANJO YA WATOTO KATIKA KATA YETU NA NAMNA KINAVYOKADIRIWA

Waheshimiwa, husikeni na somo tajwa hapo juu.

Maneno hayo nimeshawaandikia mara tatu. Barua ya kwanza ilipokelewa masijala ikagongwa muhuri. Kwa ya pili nilipigiwa simu nikaambiwa inafanyiwa kazi. Ya tatu niliileta kwa mkono, nikakaa kwenye benchi la nje tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, mpaka kijana mmoja mwenye adabu alipotoka akaniambia, "Mama, hizo namba zinatoka kwenye mfumo." Nilimshukuru, nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani. Hii ya nne naiweka hadharani.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimewachanja watoto kwa miaka 31, wengine leo ni wazazi, na sasa ni mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa zahanati yetu. Jina la halmashauri sikulitaja, wala la kata. Ninyi mnajijua na mimi mnanijua. Nimeyaacha majina kwa ajili ya sista aliyepo zahanati sasa hivi. Ameshaandikiwa barua ya kujieleza mara moja mwaka huu, na sitaki ziwe mbili.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa tatu taarifa ya mwaka ya chanjo ilisomwa kwenye kikao cha wilaya: kata yetu, Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya magonjwa matano), asilimia 118. Watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye huduma ya mkoba, yaani muuguzi kuwafuata watoto kwao na chanjo, ya kitongoji cha ng'ambo ya mto ikaondolewa kwenye ratiba, kwa maelezo kwamba kata imeshavuka lengo, na mafuta ya pikipiki yakapelekwa kwenye kata yenye asilimia 84. Mwezi wa sita mama mmoja akavuka mto kwa mtumbwi akaja zahanati na mtoto mgongoni, wa mwaka na nusu hivi. Macho mekundu, makamasi, homa, na vipele vimeanzia nyuma ya masikio vinashuka kifuani. Ugonjwa huo sikuhitaji maabara kuutambua. Nikamwomba kadi ya kliniki.

Akaniuliza, "Kadi ya nini?"

Hapo kamati ikaamua kuhesabu yenyewe. Wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii, katibu wetu na mimi, siku 11, nyumba kwa nyumba, vitongoji vyote sita. Tulimtafuta kila mtoto mwenye miezi 12 hadi 23, kwa kuwa wa umri huo alishapaswa kuwa na Penta 3 ya wiki ya 14 na surua-rubella ya kwanza ya miezi tisa. Tuliomba kadi, na kadi za watu zinakaa mahali pa ajabu: ndani ya kopo la maziwa, nyuma ya picha ya harusi, kwenye mfuko wa koti la baba aliyesafiri. Moja ilikuwa imeliwa na mchwa, imebaki mistari miwili ya juu, BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio ya kuzaliwa. Pasipo na kadi tulimwuliza mama: sindano ngapi, paja lipi, ulikuja mara ngapi. Kisha tukatazama kovu la BCG begani.

Tulipata watoto 209. Wenye Penta 3 walikuwa 140, yaani 131 kwa kadi na tisa kwa maelezo ya mama. Hiyo ni asilimia 67. Ng'ambo ya mto peke yake tulikuta watoto 37, na waliokamilisha Penta ni wanne. Watoto 26 kati ya hao hawajapata hata dozi ya kwanza.

Niseme kwa haki kwamba hesabu yetu si msahafu. Nyumba saba tulikuta mlango umefungwa, tukarudi mara mbili, tukaziacha. Familia kadhaa zilikuwa zimehama na ng'ombe. Na akina mama wakikuona umevaa kama muuguzi huwa wanakubali sindano nyingi kuliko alizopata mtoto, jambo hilo kila muuguzi analijua. Lakini toka 67 hadi 118 ni mbali. Milango saba haifiki huko.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Lengo letu limehesabu watu wasiokuwepo na kuwaacha waliopo

Asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanywa kwa walengwa. Walengwa wetu kwenye mfumo wa takwimu za afya ni 164. Nimeuliza sana namba hiyo imetoka wapi, na jibu nililopewa na mtu wa idara yenu mwenyewe linaeleza mambo mengi.

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 44,928,923. Kasi ya ongezeko ilikuwa imepanda kutoka asilimia 2.7 kwa mwaka hadi 3.2. Jumla mpya ya halmashauri ilipofika, kilichofanyika ni kuigawa kwa kata kwa uwiano ule ule wa 2012. Jumla ya sasa, mgao wa zamani. Mwaka 2012 ng'ambo ya mto palikuwa na pori na kambi moja ya wavuvi. Leo pana shule shikizi, mashine ya kusaga na maduka matatu yanayouza vocha. Kwenye mgao wenu watoto wa pale bado hawajazaliwa.

Halafu idadi hiyo ya watu inazidishwa kwa kiwango kimoja cha uzazi kwa kata zote, ile ya mjini ambako mwanamke akizaa watatu amemaliza, na hii yetu ambako sita ni jambo la kawaida. Mjini lengo linakuwa kubwa mno na muuguzi wa kule anaonekana mvivu. Kwetu linakuwa dogo na sisi tunaonekana mashujaa. Wote wawili tumepewa sifa zisizo zetu.

2. Waliochanjwa nao si wote wa kwetu

Zahanati ilitoa Penta 3 kwa watoto 193. Mkigawanya kwa 164 mnapata ile 118 yenu. Tulikaa na rejista ya watoto, kitabu namba 7 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), tukapitia mstari kwa mstari na rula ya mwanafunzi. Watoto 71 wanatoka nje ya kata, wengi nje ya wilaya kabisa. Sababu haina siri: Alhamisi ni siku ya gulio. Mama analeta nyanya, akiuza anapita zahanati mtoto achanjwe, jioni anarudi kwao. Na ni haki yake. Muuguzi yeyote atakayemrudisha mtoto wa kijiji kingine ananikera mimi kabla hajawakera ninyi. Mtoto achanjwe popote alipo, lakini ahesabiwe kwao. Sasa hivi anapandisha asilimia yetu, na kwao anaonekana mtoro.

Kuna na jambo jingine ambalo nitalisema kwa kuanza na dhambi zangu. Chupa ya surua-rubella ina dozi 10, na ikishafunguliwa haina budi kutumika ndani ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Siku za foleni ndefu, ukiwa peke yako na wajawazito wanasubiri nje, ile karatasi ya kupiga mistari inasahaulika. Jioni unatazama chupa tupu: tatu. Unaandika 30. Watoto walikuwa 22. Nimefanya hivyo zamani, na ninawajua wengine wanaofanya hivyo leo. Sitawataja, na nisingependa muwatafute. Tafuteni mtu wa kuwasaidia Alhamisi.

Mfumo wenyewe ulikuwa unapiga kelele. Robo ya tatu ulionyesha Penta 1 watoto 44 na Penta 3 watoto 52. Watoto wa robo moja si lazima wawe wale wale, kwa hiyo mara moja inaweza kutokea. Hata hivyo ilipaswa kumshtua mtu ofisini akapiga simu. Hakuna aliyepiga.

3. Wastani wa kata unaficha kitongoji

Chukueni kata yenye vitongoji 10 vilivyo sawa kwa idadi ya watoto. Tisa vimechanja asilimia 98, kimoja asilimia 20. Wastani ni 90.2, na kwenye taarifa kata hiyo inapakwa kijani. Surua haisomi taarifa. Ni kati ya magonjwa yanayoambukiza kuliko yote tunayoyajua, mgonjwa mmoja mahali pasipo na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo maana tunaambiwa tufike asilimia 95. Hiyo 95 haina maana kama wasiochanjwa wote wanalala kitongoji kimoja na wanachota maji kisima kimoja.

Kwetu, mkiwaondoa watoto 37 wa ng'ambo, waliobaki ni 172 na wenye Penta 3 ni 136, asilimia 79. Hiyo nayo haitoshi, lakini ni tatizo la kawaida: watoto waliokatisha, mama aliyesahau tarehe, siku ambayo chanjo ilikuwa imekwisha. Linatibika kwa kufuatilia kadi. Ng'ambo ya mto ni shida nyingine kabisa na dawa yake ni nyingine. Namba moja ya kata inazichanganya shida hizo mbili hadi hakuna inayoonekana.

4. Ile ramani ya rangi iliyobandikwa ukutani

Kwenye korido yenu pana ramani nzuri. Kila kata ina rangi na asilimia yake, yetu imeandikwa 86. Niliambiwa hiyo ni ya kitaalamu, imetokana na utafiti wa kaya na mfano wa kitakwimu, yaani kanuni ya hesabu ya kukadiria, kwa hiyo haina makosa ya zahanati. Nilimpelekea mpwa wangu picha niliyoipiga kwa simu. Anasoma takwimu chuoni. Alicheka kidogo, kisha akanieleza vizuri, na mimi nitaeleza nilivyoelewa.

Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulifika katika maeneo 629 ya kuhesabia nchi nzima, kaya 26 kila eneo, kwa mikoa 31. Gawanyeni: ni kama maeneo 20 kwa mkoa. Katika kaya hizo, watoto wa miezi 12 hadi 23 kwa mkoa mzima ni makumi tu. Tuseme ni 70, na asilimia 80 wamechanjwa. Hata kwa hesabu ya ukarimu, ukweli wa mkoa unaweza kuwa popote kati ya 71 na 89, na kwa kuwa watoto wa eneo moja hufanana, upana halisi ni zaidi ya hapo. Huo ni mkoa. Wilaya inaweza kuwa na maeneo mawili au matatu. Kata nyingi hazina hata moja. Yetu haikufikiwa, na tungewaona.

Sasa 86 imetoka wapi? Imeazimwa. Wataalamu wana njia ya kukadiria eneo dogo kwa kuazima nguvu kutoka maeneo mengine yanayofanana nalo: umbali wa kwenda kituo cha afya, elimu ya akina mama, msongamano wa watu, hali ya kata jirani. Si uchawi wala si uongo. Wamarekani wawili, Robert Fay na Roger Herriot, waliitumia mwaka 1979 kukadiria kipato cha vijiji vya watu chini ya 1,000, na leo njia za ukoo huo huchora ramani za chanjo za nchi nyingi. Mimi siipingi. Kuazima chumvi kwa jirani ni jambo la kawaida. Ila ukiazima chumvi, ukaazima unga, ukaazima na mafuta, usiwaambie wageni kwamba umepika chakula chako.

Mpwa wangu alisema kila makadirio ya namna hiyo huzaliwa na pacha wake, yaani upana wa shaka: 86, lakini huenda ni 60, huenda ni 96. Aliyechapisha ramani yenu alimwacha pacha huyo ofisini. Na mfano wenyewe, ukiulizwa watu wanakaa wapi, unajibu kwa orodha ile ile ambayo ng'ambo ya mto ni pori.

5. Anayesema kweli ndiye anayeandika barua ya kujieleza

Baada ya hesabu yetu, sista alianza kutenganisha kwenye taarifa watoto wa kata na watoto wa gulio, kama alivyofundishwa chuoni. Asilimia ikashuka kutoka 118 hadi 74. Akaandikiwa barua: ajieleze kuhusu "kushuka kwa utendaji". Hakuna mtoto hata mmoja aliyekosa sindano kati ya namba ile na hii. Kilichobadilika ni ukweli wa karatasi. Wauguzi wote wa wilaya wameisikia habari hiyo, na wamejifunza walichojifunza.

Najua mtakachonijibu, maana mengine nimeshayasikia nikiwa kwenye lile benchi.

Mtasema lengo ni la taifa na hamna mamlaka ya kulibadilisha. Siwaombi mlibadilishe. WHO na UNICEF wenyewe kila mwaka huweka taarifa ya serikali pembeni ya tafiti za kaya, wakalinganisha, wakatoa makadirio yao, na wakati mwingine hayafanani na yaliyoletwa. Kama wao hawaoni aibu kuweka namba mbili mezani, halmashauri yetu nayo inaweza kuongeza safu moja kwenye taarifa.

Mtasema daftari la kielektroniki litamaliza haya yote. Nalipenda, nimeliona likifanya kazi, linamkumbusha muuguzi nani hakurudi. Lakini linamjua aliyekuja. Yule wa "kadi ya nini" hayumo ndani yake na hatakuwemo mpaka mtu amfuate.

Mtasema wale ni wafugaji, wanahama, hawahesabiki. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilivuka mto, kwa mtumbwi ule ule, na mashine zake za kupiga picha zikiwa zimefungwa kwenye turubai. Walihesabika.

Mtasema namba ndogo italeta taharuki. Taharuki niliiona mwezi wa sita, wazazi wa vitongoji vitatu mlangoni kwa siku moja, kila mmoja anauliza kama wa kwake amepata. Walitulia tulipowaonyesha kadi zao.

Na mtasema hakuna bajeti. Hapa nitakaa kidogo.

Hamhitaji kuhesabu nyumba zote kama tulivyofanya sisi. Kuna njia iliyoanzia viwandani Marekani miaka ya 1920, kwa ajili ya kukagua mzigo wa bidhaa bila kufungua kila boksi, na watu wa afya wakaichukua. Katika kila kata unachagua watoto 19 kwa bahati nasibu ya kweli, si 19 wa karibu na barabara. Unaomba kadi. Kama unataka kujua kata imefikia asilimia 80, unatazama kama waliochanjwa ni 13 au zaidi. Wakiwa 12 au pungufu, kata hiyo inahitaji kufuatwa. Ni hivyo tu. Kata tano ni watoto 95, na ukiwaunganisha kwa uzito wa idadi ya watoto wa kila kata unapata makadirio ya eneo zima, pamoja na upana wake.

Njia hii ina mipaka na ni vizuri tuiseme mapema. Watoto 19 hawawezi kutofautisha kata ya asilimia 80 na ya asilimia 75. Wanachoweza ni kutofautisha iliyo salama na iliyo hoi, na hata hapo mara chache watakosea. Pia kitongoji kama cha ng'ambo ya mto lazima kichukuliwe kama eneo linalojitegemea. Kikichanganywa na kata kinaweza kutoa watoto watatu tu kati ya 19, kikazama tena. Lakini kwa gharama ya siku mbili za watu wawili kwa kata, mtajua zaidi ya mnavyojua leo. Hesabu yetu ya siku 11 ilikula mafuta, chai na maandazi, na soda moja moja siku ya mwisho. Risiti ninazo.

Ninachoomba ni hiki, na ninaomba kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kwanza kabisa, huduma ya mkoba ya ng'ambo ya mto irudishwe kwenye ratiba, kila mwezi, hata kama hamkubaliani na neno jingine lolote humu.

Barua ya kujieleza aliyoandikiwa sista iondolewe kwenye jalada lake.

Kuanzia robo ijayo, taarifa za zahanati zote zitenganishe watoto wa eneo la huduma na wanaotoka nje, na halmashauri ziwasiliane ili mtoto wa gulio arudishwe kwenye hesabu ya kwao. Mgao wa walengwa kwa kata ufanywe upya kwa hesabu za maeneo za Sensa ya 2022, na wenyeviti wa vitongoji wakae na mtu wa idara siku moja kuangalia orodha hiyo. Wao wanajua nani amezaa.

Kila robo msome kwenye kikao, kabla ya asilimia yoyote, namba ambazo hazihitaji lengo kabisa: waliopata Penta 1 ni wangapi, waliofika Penta 3 wangapi, waliofika surua wangapi. Watoto 100 wakianza na 80 wakafika, 20 wamepotea njiani, na hapo hakuna mtu wa kubishana kuhusu sensa. Namba hizi hazimwoni ambaye hakuanza, kwa hiyo haziwezi kusimama peke yake. Kwa huyo, fanyeni ukaguzi wa watoto 19 mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na kabla ya vuli, vitongoji vya mbali vikiwa na eneo lao.

Na ramani ya ukutani, kila asilimia iandikwe na upana wake. Kata ambazo utafiti haukufika ziwekewe alama. Kama nafasi haitoshi, punguzeni nembo pale juu, ziko saba.

Orodha ya watoto 33 wa ng'ambo ambao hawana Penta 3 iko kwenye daftari la katibu wetu, na kando ya kila mmoja kuna jina la mwenye nyumba na mti au mashine iliyo karibu, kwa sababu kule hakuna namba za nyumba. Mwenye mtumbwi amekubali kutuvusha bure. Sanduku la baridi lipo, vipakiti vya barafu viko kwenye jokofu tangu Jumatatu. Sista yuko tayari siku yoyote isiyokuwa Alhamisi. Kinachokosekana ni lita sita za petroli na sahihi ya mmoja wenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi Mkunga (mstaafu),
Mjumbe, Kamati ya Usimamizi wa Zahanati.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Mheshimiwa Diwani wa Kata
Mwenyekiti wa kitongoji cha ng'ambo ya mto (asomewe kwa sauti)
Ubao wa matangazo, zahanati